Usukani Uliolala Kulia: Shajara ya Corolla Yangu

Jumamosi, 2 Agosti

Gari limetoka alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa mwelekeo wa matairi, leo asubuhi na usukani umelala kulia.

Nianze nyuma kidogo. Wiki mbili zilizopita, baada ya safari ya Pangani, tairodi zote mbili za mbele, vile vyuma vinavyosukuma na kuvuta matairi usukani ukigeuzwa, zilikuwa zimelegea. Ukitikisa tairi kwa mikono miwili, kushoto na kulia, unasikia kugonga. Nilizibadilisha mwenyewe hapa uani, Tanga mjini. Nilihesabu mizunguko wakati wa kufungua za zamani, nikafunga mpya kwa mizunguko ileile. Nilijua hesabu hiyo haileti alaimenti kamili, kwa sababu tairodi mpya hazilingani kwa urefu na zile zilizotoka kiwandani. Ndiyo maana leo nikalipeleka kupimwa kwenye mashine.

Fundi akanipa karatasi. Namba zote za kijani. Nikashukuru, nikalipa, nikaondoka. Sijafika hata mita mia mbili nikaona kibandiko cha katikati ya usukani kimepinda, kana kwamba nakata kona ya kulia, na huku gari linakwenda moja kwa moja. Nikarudi. Fundi akaniambia, "Hiyo ni barabara, bosi. Barabara zetu zimeinama kushoto, lazima ushike kulia kidogo."

Neno lake lina ukweli ndani yake, nami sikutaka kubishana naye mbele ya wateja. Barabara ya lami hujengwa na mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni. Sisi tunaoendesha kushoto tunakuwa kwenye mteremko wa kushoto, gari linataka kuteremka, dereva anarekebisha kulia. Lakini marekebisho hayo ni madogo mno, nayo huja pamoja na kuvuta: ukiachia usukani gari linahamia kushoto polepole. Langu nikiachia halivuti popote. Linanyooka kama mshale, usukani ukiwa umelala.

Kesho nitapima.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeomba nafasi kwenye kiwanja cha zege cha godauni moja ambako mlinzi ananifahamu. Zege pale ni tambarare, nimelihakikisha kwa pima maji. Nimekwenda na mpwa wangu, mwenye umri wa miaka kumi na saba, ambaye anapenda magari kuliko shule na mama yake analijua hilo.

Kwanza nilijaza upepo sawasawa matairi yote manne. Tairi lenye upepo pungufu linaweza kuvuta gari na kukudanganya kabla hujaanza.

Kisha nikabandika kipande cha utepe mweupe juu kabisa ya usukani na kingine kwenye kava ya nguzo yake, vikitazamana usukani ukiwa umenyooka. Nikaendesha polepole kwa mstari ulionyooka, mikono imegusa tu, nikasimama bila kugeuza. Utepe wa usukani ulikuwa umeondoka sentimita 4 na nusu kwenda kulia. Nimerudia mara tatu, mara mbili nikitokea upande wa pili wa kiwanja. Jibu lilelile. Hapo habari ya mteremko wa barabara ikafa.

Usukani wangu una kipenyo cha sentimita 37, kwa hiyo kila digrii moja ni milimita 3 na kidogo pale ukingoni. Sentimita 4 na nusu ni kama digrii 14. Hizo si digrii za kumwambia mtu azoee.

Jumatatu, 4 Agosti

Jirani yangu amekuja na ushauri wa haraka: ng'oa usukani, ugeuze jino moja au mawili, urudishe. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Nimemkatalia, na ninaandika sababu hapa kwa sababu najua wengi wanafanya hivyo. Usukani umefungwa kwenye nguzo, nguzo inazungusha pinioni, gia ndogo, na pinioni inasukuma reki, chuma kirefu chenye meno kinachokwenda kushoto na kulia. Kiwandani vitu hivi vimepangwa ili usukani ukinyooka, reki iwe katikati kabisa ya safari yake. Ukihamisha usukani jino moja, macho yatafurahi lakini reki itabaki imekaa upande. Gari litakata kona vizuri upande mmoja na kidogo kuliko haki upande mwingine. Indiketa nayo itazimika mapema upande mmoja na kuchelewa upande wa pili, kwa kuwa kile kijino kinachoizima kinazunguka pamoja na usukani. Zaidi ya hayo, Corolla langu lina eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali. Nyuma yake kuna utepe wa nyaya uliojiviringa ndani ya kasha. Ukiufunga nje ya katikati, siku utakayokata kona hadi mwisho utakatika. Na Toyota wenyewe wanataka uondoe waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu chochote cha eabegi. Hiyo si kazi ya dakika kumi.

Lakini hoja ya jirani inastahili kipimo chake. Huenda kweli usukani uliwahi kung'olewa na mwenye gari wa kwanza, ukarudishwa vibaya. Nimeinua mbele ya gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi, nikanyoosha usukani kwenye alama ya utepe. Kutoka hapo hadi mwisho wa kushoto ni mzunguko 1 na zaidi ya nusu kidogo. Hadi mwisho wa kulia, vilevile, tofauti haifiki upana wa vidole viwili.

Usukani uko mahali pake. Kosa liko chini, kwenye tairodi.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimelala chini ya gari na tochi, na nimepata nilichokuwa nakitafuta.

Loknati ya tairodi ya kushoto, yaani nati inayoibana tairodi isizunguke, inang'aa. Pembe zake zina alama mpya za spana, chuma cheupe, na vumbi limefutika pande zote. Loknati ya kulia ina lile vumbi jekundu la wiki mbili, limekauka juu yake kama ngozi, na ule mstari mdogo wa rangi niliouchora mimi mwenyewe siku ninafunga bado umeunganika kutoka kwenye nati hadi kwenye fimbo inayoingia ndani ya tairodi. Hakuna aliyeigusa.

Maana yake ni hii. Tairodi zangu mpya zilikuwa ndefu kidogo kuliko za zamani, zote mbili. Kwenye Corolla hii reki iko nyuma ya ekseli ya mbele, kwa hiyo tairodi ikiwa ndefu inasukuma nyuma ya tairi kwenda nje, na uso wa tairi unageukia ndani. Matairi yangu yalikuwa yanatazamana ndani kupita kiasi. Fundi alitakiwa kufupisha kushoto na kulia, nusu kwa nusu, usukani ukiwa umebanwa katikati. Yeye akafupisha kushoto peke yake mpaka jumla ikatimia. Mashine inapima jinsi matairi mawili yanavyotazamana, na hiyo ndiyo tou. Jumla ni sahihi kweli. Ila sasa kushoto ni fupi mno na kulia ni refu mno, na matairi yote mawili yanaangalia kushoto usukani ukiwa umenyooka. Ili gari liende mbele, dereva analazimika kushika kulia.

Nimehesabu nyuzi za fimbo, zile za kufungia nati, zinazoonekana nje ya loknati. Kushoto 13. Kulia 15 na kidogo. Nilihesabu kwa ukucha, uzi kwa uzi, mara mbili kila upande, maana tochi inachanganya.

Sina chuki na yule fundi. Kushoto ndiko alikosimama, na foleni ilikuwa ndefu. Lakini kile kibano cha kushikilia usukani nilikiona kimetundikwa ukutani, na hakikushuka.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Sikukuu, kwa hiyo nina siku nzima.

Kabla ya kugusa nati yoyote nilitaka kujua kwamba nyuma ya gari hakuna tatizo. Corolla hii ina sespensheni huru nyuma, kila tairi linacheza peke yake, na tou ya nyuma inarekebishika. Matairi ya nyuma yakiangalia upande mmoja, gari linatembea kama mbwa, mwili ukiwa mshazari, na usukani utalala hata kama mbele pako sawa. Ukirekebisha mbele bila kuangalia nyuma unaficha ugonjwa.

Nimetumia uzi wa mafundi ujenzi. Bomba mbili za plastiki, moja mbele ya gari na moja nyuma, nimezikata mfereji mdogo kwenye ncha zake kwa vipimo sawasawa, uzi mmoja ukapita kushoto na mwingine kulia, kwa urefu wa katikati ya rimu. Kisha unasogeza bomba mpaka umbali kutoka kwenye uzi hadi katikati ya hab, kitovu cha tairi, ya kushoto ulingane na wa kulia, mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma. Usilazimishe mbele ilingane na nyuma, kwa sababu upana wa matairi ya nyuma si lazima uwe sawa na wa mbele. Hapa ndipo saa nzima iliishia. Ukigusa uzi umeanza upya, na mpwa wangu aligusa mara mbili.

Chini ya kila tairi la mbele niliweka vigae viwili vya sakafu vilivyopakwa grisi katikati, ili tairi liteleze lipate mkao wake badala ya kung'ang'ania ardhi. Bila hivyo raba inajikunja na kipimo kinasema uongo.

Nyuma: kila tairi limeangalia ndani milimita 1, kushoto na kulia sawa. Nyuma pako salama.

Mbele, usukani ukiwa umenyooka na umebanwa kwa ubao kati ya usukani na kiti: tairi la kushoto limeangalia nje milimita 4, la kulia limeangalia ndani milimita 5, ukipima ukingo wa mbele wa rimu dhidi ya ukingo wa nyuma. Jumla ni milimita 1 ndani. Ndiyo sababu karatasi ilikuwa ya kijani.

Sasa hesabu ya kiasi gani nizungushe. Nilipima nyuzi 10 za rekiendi, ile fimbo inayotoka kwenye reki na kuingia kwenye tairodi, kwa venia, kipimo cha milimita, zikawa milimita 15. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa fimbo ni milimita 1 na nusu. Nikazungusha usukani mzunguko mmoja kamili, nikapima reki imesogea kiasi gani: milimita 45. Milimita 1 na nusu ni sehemu ya 30 ya hiyo, na sehemu ya 30 ya mzunguko wa usukani ni digrii 12. Nahitaji digrii 14. Basi ni mzunguko mmoja na sehemu ya sita kila upande. Rekiendi ina sehemu ya pembe sita ya kushikia spana, kwa hiyo sehemu ya sita ni bapa moja. Mzunguko mmoja na bapa moja.

Sikuwahi kufikiria kwamba ningeweza kuijua namba hiyo kabla ya kushika spana. Nimeiandika kwa chaki ukutani.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo kumekuwa na makosa, na yote ni yangu.

Loknati ya kulia ilikuwa imeanza kushika. Nimeipiga brashi ya waya, nikaipaka mafuta ya taa jana usiku, asubuhi ikafunguka. Spana moja inashika tairodi isizunguke, nyingine inafungua nati. Kwa upande wa kushoto sikuwa na saizi ya pili, nikatumia spana malaya, ile ya kupanua na kubana, na imenikwaruza bapa moja kidogo. Nimeipiga tupa.

Kosa la kwanza lilikuwa raba ya reki, ile soksi ya mikunjo inayofunika mwisho wa reki. Nilianza kuzungusha fimbo bila kulegeza klipu ndogo inayoibana raba kwenye fimbo. Raba ikajisokota kama nguo inayokamuliwa. Kwa bahati niliona mapema. Ingebaki hivyo ingepasuka, vumbi na maji yangeingia kwenye reki, na reki ni ghali kuliko kila kitu ninachokifanya hapa. Legeza klipu, paka grisi kidogo, zungusha, hakikisha mikunjo ya raba imenyooka.

Kosa la pili lilikuwa mwelekeo. Niliamua kwenda nusu nusu, nusu mzunguko kwanza, nione. Nikazungusha zote mbili, juu ya fimbo ikielekea mbele ya gari. Tukashusha, tukaendesha kiwanjani. Mpwa wangu, aliyekaa kushoto akiutazama utepe, akasema, "Mjomba, umezidi kwenda kulia." Sentimita 6 na nusu. Digrii 20.

Nilikaa chini nikachora. Nyuzi za fimbo zote mbili kwenye gari langu ni za kulia, za kawaida, yaani hukaza zikizungushwa kama mishale ya saa. Ukiangalia gari zima kutoka juu, fimbo ya kushoto ikizungushwa juu yake iende mbele inaingia ndani ya tairodi na kufupika, wakati ya kulia ikizungushwa hivyohivyo inatoka na kurefuka. Mimi nilihitaji kinyume: kushoto irefuke, kulia ifupike. Kwa hiyo zote mbili zizungushwe juu yake ikielekea nyuma. Ukiishalielewa hilo kazi inakuwa nyepesi, maana hufikirii tena ndefu na fupi. Fimbo zote mbili zikizungushwa kuelekea upande mmoja wa gari, kwa kiasi kimoja, tou haibadiliki. Usukani tu ndio unaohama. Zikizungushwa kuelekea pande tofauti, tou inabadilika na usukani unakaa palepale.

Angalau kosa lilithibitisha hesabu yangu. Nusu mzunguko umehamisha usukani digrii 6, kama ukuta unavyosema.

Giza limeingia. Nimekaza loknati kwa muda ili gari lisitembee likiwa huru.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeomba rangi ya kucha kwa mke wangu. Nimepaka nukta kwenye bapa moja la kila fimbo ili nisipoteze hesabu nikiwa nimelala chali na spana inagonga chesi kila robo mzunguko.

Kurudi nyuma: nusu mzunguko kufuta kosa la jana, kisha mzunguko mmoja kamili. Bapa la mwisho niliacha kwa makusudi. Nikakaza, nikashusha, nikalibonyeza gari mbele mara kadhaa, nikaliendesha mbele na nyuma ili sespensheni ikae. Ukishusha gari kutoka kwenye jeki matairi yanakuwa yamebana kwa chini na gari limesimama juu kuliko kawaida. Kipimo cha wakati huo si cha kuamini.

Kiwanjani utepe ulibaki milimita 6 kulia. Digrii 2. Bapa moja.

Nikarudi chini, bapa moja kushoto, bapa moja kulia, kuelekea nyuma. Nikapima tena kwa uzi: kila tairi la mbele limeangalia ndani milimita nusu. Jumla milimita 1, ileile ya mashine. Nikakaza loknati kwa nguvu huku nimeshika tairodi ikae katikati ya mchezo wake, isielemee upande. Ikielemea, utasikia ikigonga kwenye matuta. Klipu za raba zikarudi. Nikachora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye fimbo, pande zote mbili.

Tukaingia barabara ya Segera hadi Pongwe na kurudi. Utepe juu ya utepe. Mteremko wa barabara upo, nimeuhisi sasa, upana wa uzi tu, kulia. Indiketa inazima kona zote mbili kwa wakati wake. Mpwa wangu alitaka kutoa utepe tukifika nyumbani, nikamwambia auache.

Jumatano, 13 Agosti

Jirani ameniletea gari lake jipya kuliko langu, nalo limetoka alaimenti usukani umelala na taa ya mfumo wa kuzuia kuteleza imewaka. Nimemwambia hili siligusi peke yangu. Magari hayo yana kihisi kinachoiambia kompyuta usukani uko digrii ngapi. Matairi yakinyooka na kihisi kikasema dereva anakata kona, kompyuta inaona mgongano. Tairodi zirekebishwe kwanza, kisha sifuri ya kihisi iwekwe upya kwa mashine ya uchunguzi. Amekwenda kwa mtu mwenye mashine hiyo, na nimemwandikia kwenye karatasi swali moja la kuuliza kabla ya kulipa: usukani utabanwa, na nati zote mbili zitafunguliwa?

Jumamosi, 30 Agosti

Wiki tatu, zikiwemo safari mbili za Muheza. Nimepitisha kiganja juu ya raba za matairi ya mbele, kutoka nje kwenda ndani na kurudi. Zinateleza sawa pande zote mbili, hakuna ncha kali zinazokwaruza upande mmoja kama zilivyokuwa zimeanza tairodi za zamani zilipolegea. Nimelala chini na tochi. Mistari ya rangi ya kucha imeunganika, kushoto na kulia. Raba za reki ni kavu na zimenyooka.

Utepe nimeutoa leo. Gundi imeacha alama juu ya usukani, naisafisha kwa mafuta ya taa kidogo.